Hebon na Heppubān ni Jina Moja

Nilipoanza kujifunza Kijapani, nilidhani kwamba Hebon, ambaye jina lake limepewa mfumo mashuhuri wa kuandika lugha hiyo kwa herufi za Kilatini, alikuwa msomi wa Kijapani. Kumbe ni James Curtis Hepburn, daktari na mmisionari Mmarekani aliyefika Japani mwaka 1859 na kuchapisha kamusi ya Kijapani na Kiingereza mwaka 1867. Katika matamshi ya jina hilo p humezwa na b inayoifuata, basi likaandikwa kama lilivyosikika: He-bo-n. Karne iliyofuata alikuja kuvuma mwigizaji Audrey Hepburn, na safari hii jina lilelile likafuata tahajia, likawa Heppubān (mstari juu ya irabu huonyesha kwamba irabu hiyo huvutwa). Mpaka leo kila mmoja amebaki na lake.

Majina ya Kimagharibi huandikwa kwa katakana, herufi ambazo karibu kila moja hubeba silabi nzima yenye irabu, isipokuwa n, ambayo husimama peke yake. Kwetu jambo hili si geni, kwa kuwa ulimi wetu nao ulizitilia benki na koti irabu za mwisho. Nakumbuka nilivyoliandika David kwenye daftari: de, i, bi, kisha tsu ndogo inayomtaka msomaji asite kidogo, halafu do. Herufi tano, na bado nilitaka kumalizia kwa u, nikasahau kwamba d na t za mwisho hupewa o, ilhali konsonanti nyingine nyingi hupewa u. Ndiyo maana Smith ni Sumisu. Ile th, ambayo sisi tunayo katika thelathini, Wajapani hawana, wakaweka s. Laura naye ni Rōra, kwani kwao l na r ni sauti moja.

Jina lisilohitaji ukarabati wowote ni Obama: o, ba, ma. Si ajabu, kwani ni jina la Kijaluo kutoka Kenya, lenye silabi zilizo wazi kama za Kijapani. Tena upo mji wa Obama katika mkoa wa Fukui, ambao baadhi ya wakazi wake walimshangilia Barack Obama, mgombea urais wa Marekani, mwaka 2008 kana kwamba ni mtoto wa nyumbani.

Pale sikio na tahajia vinapogongana, mtu mkubwa husahihishwa. Magazeti ya Japani yalikuwa yakimwandika Ronald Reagan kama Rīgan, yakabadili kuwa Rēgan alipokuwa akielekea Ikulu ya Marekani. Hebon hakusahihishwa, nami naona ilikuwa heri, maana jina lake lilikwisha kuota mizizi: Mjapani anayeomba pasipoti leo huelekezwa kuandika jina lake kwa herufi za Kilatini kwa kufuata mtindo wa Hebon.