Cheni ya taimingi iliporuka jino: nilivyoirudisha kwenye alama

Dalili ya kwanza ilikuwa mlio. Injini ikiwashwa ikiwa baridi, kitu kilikwaruza upande wa mbele kwa sekunde chache, kisha kimya. Baadaye gari likaanza kumisi, nguvu zikapungua, taa ya injini ikawaka. Mashine ya kupimia ikatoa kodi (msimbo wa hitilafu) P0016: mkao wa krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, na wa kemshafti, shafti inayofungua vali, haulingani. Kodi hiyo peke yake haithibitishi kwamba cheni ya taimingi, inayounganisha krenki na kemshafti, imeruka. Sensa mbovu, waya uliolika au oili chafu kwenye mfumo wa kubadilisha taimingi vinaweza kuileta vilevile, kwa hiyo sikununua chochote kabla ya kuona alama kwa macho.

Ila gari sikuliwasha tena. Kwenye injini nyingi vali na pistoni hupishana katika nafasi ileile. Cheni ikizidi kuruka zinagongana, vali zinapinda, na hapo kazi ni ya kushusha silinda hedi, yaani kichwa cha injini.

Nilichomoa waya hasi wa betri, nikatoa koili, plagi na tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini. Plagi zikishatoka, injini inazungushika kwa mkono bila kupambana na kompresheni. Nikashika boliti ya puli ya krenki kwa spana na kuizungusha upande ule ule ambao injini huzungukia, sikuirudisha nyuma hata kidogo, kwa sababu tenshona (kifaa kinachobana cheni) isiyo na presha ya oili inaweza kuachia cheni iruke tena. Alama ya puli ikafika sifuri. Krenki huzunguka mara 2 kemshafti ikizunguka mara 1, yaani puli hufika sifuri mara mbili, hivyo nilihakikisha pia kwamba vali za silinda ya kwanza zimefunga zote.

Kemshafti zote mbili zilikuwa nyuma ya alama, kwa kiasi kilekile. Hilo lilinipa jibu: ingekuwa moja tu, ningeshuku gia yake, lakini zikichelewa pamoja, cheni imeruka chini kwenye krenki. Gia ya krenki yangu ina meno 18, kwa hiyo jino moja ni nyuzi 20. Kiasi hicho kinatosha kuiharibu kabisa hesabu ya kompyuta, ingawa injini bado inawaka.

Nilimwaga oili, nikafungua kava ya mbele. Reli ya plastiki inayobanwa na tenshona ilikuwa na mfereji uliochimbwa na cheni, na pistoni ndogo ya tenshona ilikuwa imetoka karibu yote. Kuirudisha cheni ile ile kwenye alama kungekuwa kazi ya bure. Niliweka cheni, tenshona na reli mpya kwa pamoja.

Kuna jambo linawababaisha wengi. Cheni mpya ina pingili zenye rangi, na kila moja hukaa juu ya alama ya gia yake. Nilianza na krenki, nikavuta ule upande usio na tenshona ukakazika, nikaisogeza kemshafti taratibu kwa spana kwenye pembe zake sita mpaka pingili ikaingia. Ulegevu wote ukabaki upande wa tenshona, ndipo nikachomoa pini inayoizuia tenshona isitoke. Kisha nikazungusha krenki mizunguko 2 kamili kwa mkono. Pingili za rangi zilihama, na ndivyo inavyotakiwa. Zinahitaji mizunguko mingi sana ili zirudi pale. Kinachopaswa kurudi ni alama za gia, nazo zilirudi sawasawa. Ningekutana na ugumu wa ghafla njiani ningesimama hapo hapo, maana huwezi kujua kama ni vali inayogusa pistoni.

Nikafunga kava kwa gasketi mpya, boliti kwa spana ya kipimo, oili mpya hadi alama ya juu. Plagi zikiwa bado nje na fyuzi ya pampu ya mafuta imetolewa, nilipiga starta kwa vipindi vifupi. Hiyo inapeleka oili kwenye tenshona kabla injini haijawaka, na papo hapo nikaifunga geji ya kompresheni kwa zamu kwenye kila silinda. Zote nne zilikaribiana, hakuna iliyoporomoka, kwa hiyo vali zilikuwa salama.

Injini iliwaka bila mkwaruzo. Nilifuta P0016, nikaendesha mpaka ikapata joto kamili, nikapima tena: hakuna kodi. Kipimo cha oili sasa nakitazama kila wiki, kwa kuwa tenshona inabana cheni kwa presha ya oili hiyo hiyo.