Kopo limejaa, mahindi yamekauka

Baba mdogo anasisitiza huu si ukame. "Mwanangu, Dodoma ndivyo ilivyo. Februari mvua hukatika."

Ni kweli. Huku tuna msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na wastani wa mwaka ni kama milimita 570. Hata kopo langu la kupimia mvua, nililolisimika nyuma ya zizi, liko upande wake: jumla yangu haiko mbali na wastani.

Lakini karibu nusu ya maji hayo yalishuka kwa siku 4 za Januari, yakakimbilia korongoni na udongo wangu. Kisha siku 23 bila tone, mahindi ndiyo kwanza yanatoa ndevu! Hapo ndipo punje hushika au gunzi hubaki tupu. Jana nimemenya magunzi 10; kati yake 7 hayana kitu. Jumla ya milimita haijui mmea ulikuwa na umri gani mvua ilipokatika.

Uwele wa jirani umesimama vizuri, na baba mdogo hachoki kuuonyesha. Mimi bado nauita ukame. Kesho namchukua tukaone shamba pamoja.