Gegedu linavyobomolewa ili mfupa ujengwe

Katika wiki za mwanzo za ujauzito, mkono wa kiinitete hauna mfupa hata mmoja. Kilichopo ni gegedu, yaani tishu imara lakini inayopindika kama ile ya sikio, lenye umbo la mfupa utakaokuja, na karibu na wiki ya 8 ndipo mfupa wa paja na ule wa mkono wa juu huanza kuota katikati yake. Darasani tulizoea kuambiwa kwa ufupi kwamba gegedu hugeuka kuwa mfupa. Kwa maoni yangu maelezo hayo yanaficha kazi kubwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya gegedu hilo haigeuki kuwa chochote, bali huvunjwavunjwa na kuondolewa.

Kazi huanzia ndani. Seli za gegedu zilizo katikati huacha kugawanyika, zikavimba kupita kiasi na kuanza kutengeneza kolajeni (protini ya nyuzi) ya aina ya 10, huku kuta zinazozizunguka zikiingiwa na chumvi za kalsiamu. Seli hizohizo hutoa kimeng'enya kiitwacho MMP-13, kinachokata kolajeni ya gegedu, na pia protini ya VEGF, inayoivuta mishipa ya damu iingie mahali ambapo haijawahi kufika.

Ukiweka kipande chembamba cha eneo hili chini ya hadubini, kikiwa kimetiwa rangi za hematoksilini na eosini, utaona seli zilizovimba zimejipanga safu kwa safu, zikitenganishwa na kuta za namna mbili. Kuta zilizokingama, ambazo hazina kalsiamu, huvunjwa karibu zote, ilhali baadhi ya zile za wima huachwa kama nguzo, na juu yake seli jenzi hutandaza mfupa mpya. Ndiyo maana kila kijiti cha mfupa mchanga huwa na kiini cha gegedu cha rangi ya zambarau, kilichozungukwa na mfupa wa rangi ya waridi.

Nani hasa anayevunja? Kwa muda mrefu sifa zote zilipewa osteoklasti, zile seli kubwa zenye viini vingi zinazomung'unya mfupa. Hata hivyo, kuta zilizokingama hushughulikiwa na seli nyingine, septoklasti, zinazofuatana na ncha za mishipa ya damu. Na utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba seli za mishipa yenyewe humeng'enya gegedu na kuuelekeza mfupa unaporefuka. Ushahidi huo unanishawishi kwamba mishipa haifuati tu njia iliyokwisha kufunguliwa, bali nayo huifungua.

Mwaka 1998 watafiti walieleza panya wasio na kimeng'enya cha MMP-9, ndugu wa MMP-13: mishipa yao ya damu ilichelewa kuingia, na tabaka la seli zilizovimba likarefuka mno, ingawa baada ya wiki kadhaa kasoro hiyo ilijirekebisha kwa kiasi kikubwa. Panya waliokosa MMP-9 na MMP-13 kwa pamoja waliathirika vibaya zaidi, na mifupa yao ikabaki mifupi.

Baada ya kuzaliwa, kazi hiyohiyo huendelea kwenye ncha za mifupa mirefu hadi mwisho wa balehe. Mtoto anayepata matege kwa kukosa vitamini D huwa na gegedu lisilopata madini na lisiloondolewa kwa wakati, likarundikana hadi vifundo vya mikono vikaonekana vimetuna.