Kumbukumbu ya mradi: kusoma kakejiku za hariri za Japani

Hali ilivyo: kakejiku (mchoro wa kutundika ukutani, hukunjwa kama gombo) ya ndege korongo na msonobari imekamilika, kasoro jina la mchoraji. Ya wazee wawili bado iko hatua ya kukagua hariri. Ya samaki koi imeondolewa kwenye orodha kwa sababu ni chapa, yaani picha iliyochapwa, si iliyochorwa kwa mkono.

Utaratibu ni uleule kwa kila moja: kwanza kama ni mchoro au chapa, kisha hariri, mihuri, ufungaji (kitambaa, karatasi na miti inayoushika mchoro), na sanduku. Alama huja mwisho. Wengi huanza na alama ndiyo maana hupotea: korongo, msonobari, mwanzi na maua ya ume (mti wa jamii ya plamu) vilitoka China, vikachorwa Korea na Japani vilevile. Alama hukueleza mchoro ulitundikwa kwa shughuli gani; haikuelezi ulichorwa wapi.

Koi. Lenzi ya kukuza mara 10 ilitosha. Angalia mstari mweusi na sahihi, usianzie kwenye rangi, kwani chapa nyingi ziliongezewa rangi kwa mkono na zinadanganya vizuri. Ofseti, uchapaji wa kisasa wa mashine, huonyesha vitone vilivyojipanga. Kolotaipu, uchapaji wa zamani wa picha, haina vitone, ina chembechembe zilizokunjamana ovyo, na hapo ndipo watu huteleza. Katika hii, mhuri nao una chembe hizohizo. Mhuri halisi hupigwa kwa wino mzito wa zingefuri (madini mekundu) na mafuta, nao hukaa juu ya nyuzi. Koi anayepanda maporomoko ni picha ya tarehe 5 Mei, sikukuu ya watoto wa kiume, kwa hiyo nakala zake ni tele.

Korongo. Weupe wa manyoya ni gofun, yaani unga wa makombe ya baharini uliochanganywa na nikawa, gundi ya ngozi. Kifuani umepakwa mnene na umepasuka vipande vidogo. Kwenye ncha za mbawa ni mwembamba hata nyuzi za mtande (za wima) zinaonekana, zikienda mbilimbili, na mshindio (uzi wa mlalo) ukipita mmojammoja. Mtande wa jozi ni kawaida ya hariri ya kuchorea. Sehemu za shingo zina weupe laini usiokaa juu ya uzi, dalili ya rangi iliyopakwa nyuma ya hariri. Mchoraji wa Kijapani Itō Jakuchū alitumia sana mbinu hiyo katika karne ya 18, lakini hata wachoraji wa kawaida waliijua, kwa hiyo isiwe sababu ya kupandisha bei.

Usifute vumbi kwa pamba yenye maji. Nikawa huyeyuka, na gofun hutoka pamoja na pamba. Kinachoruhusiwa ni brashi laini kavu, tena pembeni tu.

Mihuri ya korongo ni miwili: wa juu una herufi nyeupe kwenye wekundu, wa chini herufi nyekundu kwenye weupe. Husomwa kutoka juu kwenda chini, kuanzia kulia. Sahihi inaishia na herufi ya "ga", yaani "amechora", kwa hiyo si sehemu ya jina. Kilichobaki ni jina la sanaa, na jina la sanaa moja huweza kutumiwa na watu wengi. Bila mihuri kulingana, sahihi pekee haitoshi.

Mwaka umeandikwa kwa mzunguko wa miaka 60: kinoe-ne, mwaka wa kwanza wa mzunguko huo, bila jina la enzi ya mfalme. Hapo kuna 1864, 1924 au 1984. Vichwa vya mti wa chini ni vya plastiki, lakini hilo linahusu ufungaji tu. Kakejiku hufungwa upya ikichakaa. Kanda mbili zinazoning'inia juu (futai) na vipande vya zari juu na chini ya picha (ichimonji) vinaelekeza Japani. Za China kwa kawaida hazina futai. Jibu la mwaka limetoka kwenye sanduku la mbao za kiri (mti mwepesi wa Japani): ndani ya kifuniko pana sahihi, mhuri uleule wa chini, na mwaka wa 13 wa enzi ya Taisho, yaani 1924. Sanduku lisiaminiwe kabla ya mhuri wake kulingana na wa mchoro. Masanduku yaliyobadilishana ni mengi mno.

Sahihi iko ukingo wa kulia na korongo anatazama kushoto. Katika jozi, ya kulia husainiwa kulia na ya kushoto kushoto, kwa hiyo huenda pacha wake, labda kobe mwenye mkia wa mwani, amepotea. Korongo na kobe ni alama ya maisha marefu: husemwa huishi miaka 1,000 na 10,000.

Wazee wawili. Mzee ana reki, bibi ana fagio, chini ya msonobari: ni Jo na Uba wa Takasago, igizo la kale la Kijapani; ni mchoro wa harusi. Hariri ina mipasuko ya mlalo kwa sababu gundi ya ufungaji imekauka, na kukunja kwa kubana huizidisha. Ifunguliwe juu ya meza, nusu kwa nusu, wala isitundikwe. Kinachofuata ni picha za mihuri kwa mwanga wa ubavuni, kisha kuzilinganisha na kamusi ya mihuri.