Benki haiombei mtu

Wiki hii Bosi amestaafu, Kitindamimba kapata barua ya chuo, na bomba la bafuni limepasuka, likatengenezwa, likapasuka tena. Ningekuwa mtu wa kawaida ningeandika kuhusu hayo. Lakini kila nikikaa chini nasikia sentensi moja tu: "Bora benki, dada. Benki hainiombei."

Msemaji ni yule fundi cherehani wangu, mnamjua. Wanaokumbuka watakumbuka pia kwamba aliiomba kamati yetu ya huduma kanisani mkopo wa kununulia mashine ya ovaloki, ili aache kupeleka nguo zake kwa fundi mwingine kumaliziwa pindo. Alisema mkopo. Niliandika mwenyewe kwenye muhtasari, maana katibu akichelewa mimi mweka hazina ndiye hushikishwa kalamu. Kamati ikaona kumkopesha mjane ni aibu kwa kanisa. Ikaamua kumpa bure nusu ya alichoomba, na masharti matatu juu yake: watu wawili wamtembelee nyumbani waone hali yake, asishone tena siku ya Bwana, na mambo yakimnyookea asimame mbele atoe ushuhuda. Mimi nilipinga la ushuhuda, nikazidiwa kura. Bahasha ikaenda. Bahasha ikarudi haijafunguliwa, na salamu juu yake.

Ndipo Jumapili nikamkuta mlangoni. Nikamuuliza, "Mbona umeirudisha?" Sauti nilikuwa nimeishusha, kwa sababu mlango wa kanisa una masikio mengi kuliko ukumbi wenyewe. Yeye hakushusha yake. Alikuwa anamfunga mwanawe kifungo cha kola, wala hakuinua macho. Akasema, kama mtu aliyeulizwa saa, "Bora benki, dada. Benki hainiombei." Akamaliza kifungo, akanitazama, akatabasamu kweli, akaniuliza, "Mzee hajambo?" Nami nikajibu, "Haya."

Haya! Nimeulizwa hali ya baba yangu, nikasema haya.

Tangu hapo nimemjibu usiku, nimemjibu kwenye foleni, nimemjibu katikati ya hotuba ya kumuaga Bosi. Jibu la kwanza lilikuwa la kihasibu. Mkopo mdogo, usio na dhamana ya ardhi, kwa kawaida hubeba riba kubwa kuliko mkopo wa tajiri, kwa sababu gharama ya kuufungua na kuufuatilia ni karibu ileile na hatari ya kupotea ni kubwa zaidi. Mwenye kidogo ndiye anayenunua fedha kwa bei ghali. Huyu mama amewekewa mkononi fedha isiyo na riba wala marejesho, akaikataa. Jibu la pili lilikuwa baya: benki haikuja kumzika mumeo. Hilo namshukuru Mungu lilifika nikiwa nimeshafika nyumbani.

Mpaka katikati ya wiki nilikuwa na hasira, tena hasira tamu, ile ya mtu aliyejaribu kutenda wema. Kisha Kitindamimba, akiwa anatafuta chaja, akaniambia, "Kwani mama hujui? Ile Jumatano uliyobaki ofisini walimwombea kwa jina." Nikamwambia aketi. Kumbe katibu alisimama katika maombi ya katikati ya wiki akamtaja fundi wazi, akataja ovaloki, akaomba dada yetu afunguliwe kutoka katika roho ya umaskini na afundishwe kutunza anachopewa. Binti mkubwa wa fundi huimba sauti ya pili katika kwaya. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwa katibu.

Sasa neno "hainiombei" nikalisikia upya, likanichoma mahali pengine kabisa.

Usiku huo nikafungua Kumbukumbu la Torati 24. Nilikuwa natafuta kitu kuhusu riba, nikakwama kwenye mistari ya 10 na 11, ambayo nimeipita miaka yote bila kusimama. Ukimkopesha jirani yako, usiingie nyumbani mwake kuchukua rehani. Simama nje, naye atakuletea nje. Yaani mwenye fedha anazuiwa mlangoni. Anayo haki ya kudai, hana haki ya kuona kitanda cha mtu, wala kuhesabu sufuria zake. Mdaiwa anabaki mwenye nyumba hata siku anapodaiwa. Nasi tumetuma watu wawili waingie ndani, tena kwa fedha ambazo tuliziita zawadi!

Hebu linganisha maswali. Benki itamuuliza anaingiza kiasi gani, ana mdhamini nani, atalipa tarehe ngapi. Haitamuuliza kwa nini anashona Jumapili, na siku akimaliza kulipa wanaachana, hadaiwi hata tabasamu. Shukrani kwa kamati haina tarehe ya mwisho. Angekutana nasi kwenye korido miaka kumi ijayo bado tungemtazama gauni na kukadiria kama limemzidi kipato. Uhuru ule ambao Paulo anawaandikia Wagalatia wasikubali kunaswa tena katika kongwa, sisi huuhubiri kama jambo la rohoni pekee. Huyu mama anautaka hadi kwenye daftari la madeni, na sioni amekosea wapi.

Lakini sitaki kuigeuza benki kuwa malaika. Sura hiyohiyo, mstari wa 6, inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, la chini wala la juu, kwa kuwa ni kuchukua uhai wa mtu. Ni sheria inayojua uchumi: ukimnyang'anya mdaiwa chombo cha kazi, umemwondolea na njia ya kukulipa. Sheria za nchi nyingi leo hulinda vifaa vya kazi vya mdaiwa visikamatwe kwa sababu kama hiyo. Ila ukiweka kifaa dhamana kwa hiari yako, mara nyingi ulinzi huo umekutoka. Namuogopea ataweka cherehani ya zamani ili apate mashine mpya. Hilo ni jiwe la chini na la juu kwa mkupuo, na mtoto akiugua mwezi mmoja, benki haitasimama nje kusubiri.

Alhamisi usiku nikampigia Mzee. Mnajua alifanya kazi ya ushirika wa akiba na mikopo maisha yake yote, na mnajua hupokea simu kwa kulalamika kwamba sipigi. Nikamsimulia. Akacheka mpaka akakohoa. "Benki hainiombei! Huyo mngemweka awe mweka hazina, wewe upumzike." Kisha akanipa somo ambalo nimelisikia tangu utoto, ila safari hii nililisikiliza. Friedrich Wilhelm Raiffeisen alikuwa meya wa vijiji huko Ujerumani, Mprotestanti mcha Mungu. Njaa ilipobana, majira ya baridi ya 1846 kuingia 1847, aliwakusanya wenye uwezo wa Weyerbusch wachange fedha, watu wapate unga na mkate. Alipohamishiwa kwingine akaanzisha vyama vingine vya namna hiyo, matajiri wakitoa na maskini wakipokea. Aliamini kwa moyo wote kwamba upendo wa Kikristo wa waliojaliwa ungetosha. Haukutosha. Wenye fedha huchoka, na hamu yao ikipoa mfuko unapoa nao. Mwaka 1864 pale Heddesdorf akaanzisha chama cha mikopo ambacho mkopaji mwenyewe ni mwanachama, na wanachama wote wanadhaminiana kwa mali zao zote. Sehemu kubwa ya ushirika wa mikopo tunaoujua leo duniani imetoka katika shina hilo.

"Hakuacha imani," Mzee akasema, "aliacha kumtazama maskini kwa juu." Mzee hupenda kufunga mjadala kwa sentensi za namna hiyo, lakini kwa hili nampa.

Nikamkumbusha kwamba Wafransisko, watawa wa Kikatoliki, walishafika karibu na hapo zamani. Mwaka 1462 kule Perugia walisaidia kuanzisha nyumba ya rehani kwa ajili ya maskini, iliyotoza nyongeza ndogo ya kuendeshea kazi na kulipa watumishi. Watawa wenzao wengi, Wadominiko, wakaja juu: nyongeza ni nyongeza, na riba ni dhambi. Ugomvi ukachukua miongo, mpaka Mtaguso wa Tano wa Laterani, mkutano mkuu wa kanisa lao, mwaka 1515 ukasema nyumba hizo ni halali. Sisi si Wakatoliki, lakini nawaheshimu watu waliogombana nusu karne juu ya gharama za uendeshaji. Kwetu Waprotestanti, mwanamatengenezo Calvin, katika barua ya 1545, alikubali riba kwa masharti, na sharti mojawapo likawa maskini asitozwe. Kanisa limehangaika na swali la fundi wangu kwa muda mrefu sana. Kamati yetu ililimaliza kabla ya tangazo la kwaya.

Jana jioni nikaenda kwa fundi. Sikwenda kumhoji, nilikuwa na sketi ya kupunguza kiuno (ndiyo, kupunguza, msicheke). Njia nzima nilikuwa natunga namna ya kuanza, nikafika nimejaa maneno. Hakunipa nafasi. Akanisimamisha mbele ya kioo, akanizungushia futi, akasema, "Usivute tumbo." Akataja bei. Nikajaribu kuomba punguzo, akanitazama hivi, nikalipa. Nikamuuliza itakuwa tayari lini, akasema, "Jumanne. Usije Jumatatu unisumbue."

Nilitoka pale na furaha ya ajabu ambayo sijaweza kumweleza mume wangu. Alinipima kiuno bila kunihurumia, na mimi nikalipa bila kumhurumia. Kama kuna mahali wiki hii ndugu wawili katika Bwana wametazamana usawa, ni mbele ya kioo kile, fedha zikiwa mezani katikati yetu. Mahubiri mengi niliyoyasikia husema soko hukausha upendo. Huenda. Ila nimeona pia soko likimruhusu mtu ainue shingo mahali ambapo upendo wetu ulikuwa umeiinamisha.

Ruthu, yule mjane mgeni wa kwenye Biblia, nimemwaza sana kwenye basi. Mambo ya Walawi 19 haimwambii mwenye shamba agawe magunia. Inamwambia asivune mpaka pembeni, aache, na mhitaji aje aokote kwa mikono yake. Halafu Boazi, mwenye shamba alikookota Ruthu, anaongeza hila yake: anawaagiza vijana wadondoshe masuke makusudi, na wasimkemee. Ruthu anarudi kwa mkwewe na nafaka aliyoiokota mwenyewe. Hakuna aliyemwambia asimame mbele.

Kwa hiyo nimeandika pendekezo. Bahasha irudi kuwa mkopo, kiasi chote alichoomba. Isiwe na riba, ila kiasi kidogo cha kuendeshea mfuko kama wale wa Perugia, kinachotajwa wazi mwanzoni. Cherehani zake zisiguswe, mdhamini awe mtu anayemchagua yeye. Kutembelewa kuwe kwa kualikwa. Na katika maombi ya wazi tusitaje jina la mtu wala shida yake kabla hajatuomba.

Mchungaji nimemtumia leo asubuhi. Alinipigia badala ya kuandika, ishara kwamba kimemgusa. Akasema kanisa likiwa benki, nani atakuwa kanisa? Mdai hawezi kulia na mdaiwa wake vizuri. Hoja nzito, sikuwa na haraka ya kuijibu. Akaongeza kwamba kanisa la Matendo 4 waliweka vyote shirika, hawakuandikiana mikataba. Nikamwambia asome na sura ya 5, Petro anamwambia Anania, aliyeuza shamba akaficha sehemu ya fedha, kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuuza fedha zilikuwa katika uwezo wake. Hakulazimishwa na mtu.

"Na Anania alikufa," Mchungaji akasema.

"Kwa uongo, Baba Mchungaji. Si kwa kubakiza."

Akanyamaza, kisha akacheka, akasema ataliweka kwenye ajenda, kipengele cha mwisho. Wazoefu wa vikao mnajua kipengele cha mwisho hukutana na watu waliokwisha kushika mikoba. Fundi mwenyewe sijamwambia. Huenda benki imeshamjibu, na akikubaliwa huko nitafurahi pia, mradi si kwa cherehani ya zamani. Jumanne nitamuuliza hilo moja tu.

Jambo jingine, na hili sijui niliweke wapi. Katika simu ile ya Alhamisi, kabla hatujaagana, Mzee aliniuliza kama nimelipa bima ya gari. Gari tuliliuza, mliliaga hapa pamoja nami, na Mzee mwenyewe ndiye aliyemtafuta mnunuzi. Nikadhani ananitania. Tukazungumza mengine, akaniuliza tena, kwa sauti ya kunikaripia kidogo, akanitajia hadi namba za usajili, zote sahihi. Miaka yote ya Raiffeisen ameikumbuka bila kukosea. Kesho nitampigia kaka nimuulize kama na yeye ameona kitu, ama ni mimi tu.