Munatafuta Mabwe?

Mzee yule alitukuta karibu na ukingo wa ziwa Tshangalele, upande wa Kapolowe, watu wanane tumeinama kwenye majani makavu kama familia iliyopoteza ufunguo wa nyumba. Mimi nilishika simu mbele ya kifua, binti yangu alishika dira, na watoto wawili wa jirani, skafu za skauti zikiwa shingoni, walikuwa wakihesabu hatua kuelekea kwenye mwamba. Alitutazama kwa muda, akatusalimu vizuri, kisha akauliza kwa Kiswahili chetu cha Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo: “Munatafuta mabwe?” Yaani, mnatafuta mawe, mawe ya madini?

Kwetu swali hilo si mzaha. Mtu anayetembea porini huku akitazama GPS huchukuliwa kuwa mmoja kati ya watatu: mjiolojia wa kampuni, mpimaji aliyetumwa na mtu anayetaka ardhi, au mnunuzi wa madini anayefuatilia mahali ambapo wachimbaji wa mikono wamefungua shimo jipya. Hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye kijiji humpokea kwa moyo mweupe. Nilipomweleza kwamba hatutafuti kitu chochote cha ardhini, bali tunatafuta mahali pa kuficha kisanduku chenye daftari na vitu vya kuchezea ili watoto wengine wa skauti waje wakitafute, alinyamaza, akakitazama kisanduku, akanitazama mimi, kisha akasema: “Munatoka Lubumbashi, munakuya kuficha kitu huku, na siye benye kijiji tusijue?”

Sikuwa na jibu. Lakini kabla sijaeleza alikotupeleka, ni lazima nieleze jinsi mtu mzima mwenye kazi na madeni anavyofikia hatua ya kusafiri hadi Kapolowe ili kuficha kisanduku.

Mchezo wenyewe huitwa jiokashingi. Mtu huficha chombo, huandika latitudo na longitudo ya mahali alipokificha, na huzitangaza kwenye tovuti. Mwingine hufuata nambari hizo kwa GPS, hukitafuta, huandika jina lake na tarehe katika daftari lililomo, na akichukua kitu huacha kingine chenye thamani sawa au zaidi. Siku ya kuzaliwa kwa mchezo huu inajulikana kabisa. Hadi mwanzo wa Mei 2000, Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi ishara za satelaiti zake kwa watumiaji wa kiraia, kiasi kwamba GPS iliweza kumkosesha mtu mahali kwa mita 100 hivi. Rais Bill Clinton aliamuru uvurugaji huo usitishwe, na mara moja usahihi ukaongezeka mara nyingi; tarehe 3 Mei, Dave Ulmer akaweka ndoo msituni karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatangaza nambari zake kwenye intaneti. Miongoni mwa vitu alivyoweka ndani mlikuwamo mkebe wa maharagwe. Siku hizi chakula kimekatazwa, kwa sababu wanyama hukinusa kabla ya watu, jambo ambalo mke wangu alilisema kabla hatujasoma kanuni yoyote.

Skauti aliyefunzwa vizuri haoni jambo geni sana hapo. Miongoni mwa alama za njia tulizorithi kutoka kwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, mshale wa mawe humaanisha “pita huku”, msalaba humaanisha “usipite huku”, na ipo alama ya mraba wenye mshale na nambari, ambayo humwambia anayefuata kwamba barua imefichwa hatua kadhaa upande huo. Kwa maoni yangu hiyo ni jiokashingi kamili, isipokuwa satelaiti. Alama ya mwisho, duara lenye nukta katikati, humaanisha “nimekwenda nyumbani”, na ndiyo iliyochongwa kwenye kaburi lake huko Nyeri, nchini Kenya, alikofariki Januari 1941. Watoto wangu huipenda alama hiyo kuliko zote, na huichora hata mlangoni wanapotoka shule.

Tena, alama hizo hazikuwa ngeni kwetu hata kabla ya skauti kufika. Wawindaji na wanawake wanaokwenda kuokota uyoga msituni hulaza tawi bichi kwenye njia panda ili wanaofuata wasipotee. Kwenye barabara kuu ya kwenda Likasi, lori likiharibika, dereva hupanga matawi ya majani barabarani mita kadhaa nyuma yake, na kila dereva anayekuja hupunguza mwendo bila kuambiwa. Katika safari zetu, mtoto wa kwanza kuona majani ya namna hiyo hupata alama moja, na anayeweza kukisia kama lori limeharibikia kwenye kilima au kwenye kona hupata mbili. Sijui ni nani aliyeanzisha hesabu hiyo, lakini imetuokoa na maswali mengi ya “tunafika lini?”

Safari hizi za familia tunazifanya kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, na hasa katika likizo kuu ya Julai na Agosti, wakati usiku ni wa baridi, njia za udongo zimekauka, na kundi la skauti hutafuta mahali pa kambi. Wazazi ndio wanaotangulia: tunakwenda siku moja kutazama maji, kivuli, mahali pa choo na umbali wa zahanati, kisha viongozi wanaamua. Hapo awali watoto walikaa garini wakilalamika. Tulipofungua ramani ya mchezo huu mara ya kwanza, tuliona kwamba alama za visanduku katika eneo letu ni chache mno, nyingi zikiwa mbali na njia zetu. Kwa hiyo tuliamua kwamba familia moja itafika kwanza na kuficha, na nyingine zitafuata.

Jaribio la kwanza lilikuwa upande wa Kipushi, nami ndiye niliyeliharibu. Rafiki alituma nambari kwa ujumbe wa simu, akaandika dakika za latitudo kuwa 43.250, kama wachezaji wanavyoandika, yaani dakika na sehemu zake za desimali. Mimi niliziingiza kwenye programu ya ramani iliyokuwa imewekwa kwa sekunde, na 43.250 ikawa dakika 43 na sekunde 25. Kwa kuwa dakika moja ina sekunde 60, robo ya dakika ni sekunde 15, si 25. Na kwa kuwa sekunde moja ya latitudo ni takriban mita 31 ardhini, nilikuwa nimeikosea njia kwa mita 300 na zaidi. Tuliingia katika shamba la mihogo la mama mmoja, tukazunguka matuta yake kwa nusu saa tukipekua majani, hadi alipokuja na jembe begani kutuuliza kama tumeangusha mtoto. Alicheka sana, na alikuwa na haki. Tangu siku hiyo binti yangu hazipokei nambari kutoka kwangu bila kuuliza: “Papa, hizi ni sekunde ama ni desimali?” Mwalimu wake alifundisha desimali kwa muhula mzima bila kupata utii wa namna hiyo.

Kwa wenzangu wanaodhani kwamba kazi hii inahitaji megabaiti nyingi, niseme wazi kwamba GPS haitumii mtandao wa simu hata kidogo. Simu husikiliza satelaiti zinazozunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na ikisikia nne kwa wakati mmoja hujua ilipo. Kinachohitaji mtandao ni picha ya ramani, nayo unaweza kuipakua nyumbani kabla ya kutoka mjini. Programu zinazotumia ramani za OpenStreetMap hufanya hivyo bure. Bila mtandao simu inaweza kuchelewa dakika kadhaa kabla ya kupata mahali ilipo, hasa ikiwa ilizimwa muda mrefu, kwa hiyo iwashe mapema mahali palipo wazi, uiache itulie, nawe upige gumzo na wenyeji. Na hata ikitulia, mita tano za kosa ni za kawaida. Hapo ndipo dira, hatua na macho ya skauti vinapochukua kazi: nani angeliweka jiwe hilo hivyo? Kwa nini kichuguu hiki kina kifusi kipya upande mmoja? Mkono hauingizwi katika shimo lolote. Kijiti hutangulia, kwa sababu nyoka na nge nao hupenda mahali pazuri pa kujificha.

Sasa nirudi kwa mzee wetu. Alitupeleka kwa chefu wa kijiji, naye alitupokea chini ya mwembe, akaagiza viti, na akataka kusikia habari yote tangu mwanzo. Mke wangu alikuwa na busara ya kuchukua sukari na sabuni kutoka kwenye vitu vya kambi, kwa hiyo hatukufika mikono mitupu. Chefu aliuliza maswali ambayo mimi, niliyejiona mjuzi, sikuwahi kujiuliza. Je, watakaokuja kutafuta watakuja mchana au usiku? Mtu akikipata kisanduku bila kujua ni cha nini, akakipeleka polisi, nani ataitwa? Na je, wavuvi wakiona wageni wanapekua karibu na mitumbwi yao, wafikirie nini?

Kwa aibu nakiri kwamba kanuni za mchezo zinadai jambo hilohilo: mwenye mahali lazima aombwe ruhusa, kisanduku kisizikwe ardhini, na kisiwekwe karibu na reli, mabwawa ya umeme, shule au kambi za jeshi. Nilizisoma haraka, nikadhani zinawahusu Wazungu na bustani zao. Kumbe kwetu ndiko zinakohitajika zaidi. Ziwa Tshangalele lenyewe limetokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, na kituo cha umeme cha hapo kimefanya kazi tangu 1930. Mtu anayezunguka karibu na mitambo ya namna hiyo akiwa na GPS na kisanduku kilichofungwa kwa utepe asishangae akihojiwa. Nasi tulikuwa tumekifunga chetu kwa utepe, tena mweusi.

Chefu alikubali kwa masharti matatu: kila anayekuja apite kwanza nyumbani kwake, atafute mchana tu, na asiwashe moto. Sharti la tatu lilifungua mjadala ambao ulitufaa kuliko kitabu chochote. Kijana mmoja mvuvi alikigonga kisanduku chetu cha plastiki kwa ukucha, akasema kwamba hakitafika Septemba, kwa sababu kila kiangazi moto wa msituni hupita katika majani yote, na plastiki huyeyuka. Nilipendekeza mkebe wa chuma. Alicheka: chuma kitauzwa kwa kilo kabla ya moto kufika. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyetuonyesha ufa katika mwamba, karibu na maji, mahali ambapo majani hayaoti na mvua haipigi moja kwa moja. Tuliandika nambari hapo, tukazipima mara tatu kwa simu mbili, tukachukua wastani. Baadaye tulikula bukari, yaani ugali, na samaki kwa yule mzee wa kwanza, na watoto walikunywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kwa mara ya kwanza bila kukunja uso.

Kisanduku hicho hatujakisajili kwenye tovuti, kwa kuwa anayesajili hutakiwa kukitunza mara kwa mara, nami sikutaka kuahidi nisichokiweza. Nambari zake tunazitoa kwa familia za kundi letu tu, pamoja na jina la kijiji na maelekezo ya kumwona chefu. Wengine wamenilaumu kwamba kumpitia chefu kunaharibu siri. Sikubaliani nao: mtoto bado halijui jiwe, bado anahesabu hatua, bado moyo unamdunda, ambacho hakipo tena ni hofu ya watu wazima wanaomtazama kutoka mbali.

Tulirudi mwishoni mwa Agosti na kambi nzima. Moto ulikuwa umepita kweli. Majani yalikuwa meusi hadi hatua kumi kutoka kwenye mwamba. Patroli ya binti yangu, yaani kikosi chake kidogo cha skauti, ilifika ya pili, ikiongozwa na mishale ya mawe ambayo hatukuipanga sisi. Katika daftari, chini ya majina yetu ya safari ya kwanza, kulikuwa na majina kumi na mawili yaliyoandikwa kwa kalamu ya mkaa, baadhi yakiwa yamekosewa na kurudiwa, yote ya watoto wa kijiji. Kipenga nilichokiacha ndani hakikuwamo. Mahali pake paliwekwa gari dogo la waya, magurudumu yake yamekatwa kwenye soli ya kandambili, nalo lilizunguka vizuri sana. Binti yangu aliligeuza, akalitazama, akatoa dira yake mfukoni, akaiweka kisandukuni.

“Papa,” akasema, “utaninunulia ingine?”