Kuandika Maelezo ya Zana kwa Msomaji Asiyeuliza

Sebuleni kwetu hapa Mwanga, Kigoma, ipo skrini ya kompyuta ya zamani niliyoiunganisha na kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi na kuitundika karibu na mlango wa jikoni. Huonesha tarehe, uniti za umeme zilizobaki na ujumbe ambao watu wa nyumbani huachiana. Mwaka huu niliamua skrini hiyo iendeshwe na wakala wa akili mnemba, yaani programu inayopokea ombi kwa maneno ya kawaida na kulitekeleza, ili mama aseme anachotaka kwa simu yake bila kuhangaika na kibodi. Msimbo wa programu niliumaliza kwa siku mbili. Maelezo ya zana, yaani ya kila kitendo ambacho wakala anaweza kuiagiza programu yangu ikifanye, ndiyo yaliyonichukua wiki kadhaa.

Asiyeizoea kazi hii ajue kwamba modeli ya lugha, yaani akili mnemba iliyo ndani ya wakala, haioni msimbo. Katika utaratibu wa Model Context Protocol, ambao kampuni ya Anthropic iliutoa Novemba 2024 na ndio niliotumia, kila zana hutambulishwa kwa jina, kwa maelezo ya maneno ya kawaida, na kwa orodha ya vigezo inavyopokea, yaani taarifa zinazohitaji kujazwa, kama vile saa. Modeli husoma hayo, huchagua zana na kujaza vigezo, kisha programu yangu hutekeleza na kurudisha jibu. Kwa hiyo sentensi mbili tatu nilizoziandika ndizo zote ambazo wakala anazijua kuhusu skrini yangu, na zinapokuwa na pengo, yeye hulijaza kwa kubahatisha na kutenda papo hapo.

Zana ya onesha_ujumbe ilikuwa na kigezo cha saa, nacho nilikieleza kwa maneno manne tu: "Saa ya kuonesha ujumbe." Mama akaomba akumbushwe dawa saa mbili usiku. Ujumbe ukatokea saa 02:00, yaani saa nane usiku, watu wote wakiwa wamelala. Asubuhi akaniuliza, "Mwanangu, hiki chombo chako kinafuata saa za wapi?" Lilikuwa swali la haki, kwa kuwa sikuwa nimeandika popote ni saa za wapi. Sasa maelezo yanasema kwamba kigezo hupokea mfumo wa saa 24 kwa majira ya Afrika Mashariki. Kwamba mtumiaji anapotaja saa kwa Kiswahili, saa mbili asubuhi ni 08:00 na saa mbili usiku ni 20:00. Na kwamba asipotaja asubuhi, mchana wala usiku, aulizwe kwanza. Mwanzoni nilikuwa nimeandika kanuni ya kuongeza saa sita bila mifano, na mara nyingine wakala aliongeza mara mbili. Mifano ile miwili ndiyo iliyomtuliza.

Neno "jioni" nalo lilinisumbua. Zana ya kupunguza mwanga ilielezwa kuwa itumike jioni, na wakala akachagua 18:30. Kigoma na Dar es Salaam zinatumia majira yaleyale ya saa, ilhali sisi tuko karibu digrii 10 zaidi upande wa magharibi, hivyo jua letu huzama takriban dakika 40 baada ya lao. Saa 18:30 bado liko juu ya ziwa na linapiga moja kwa moja ndani ya sebule yetu, na skrini iliyofifishwa wakati huo haisomeki kabisa. Nikaliondoa neno hilo, nikaandika saa.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba jibu la zana nalo ni sehemu ya maelezo. Zana yangu ilirudisha "Sawa" kila mara, hata skrini ikiwa imezimwa, na wakala akamhakikishia mama kwamba dada yangu ameuona ujumbe. Siwezi kumwita mwongo, kwa sababu nilimwambia sawa. Siku hizi jibu husema: "Ujumbe umehifadhiwa, lakini skrini imezimwa na hakuna aliyeuona." Ni sentensi ndefu kwa mashine, lakini wakala huifikisha kwa mama jinsi ilivyo.

Kuhusu zana ya futa_yote, inayofuta ujumbe wote, utaratibu wa Model Context Protocol una alama ya kudokeza kwamba zana inaharibu, nami niliiweka. Alama hiyo ni dokezo tu, haimzuii mtu, kwa hiyo uthibitisho niliuweka ndani ya msimbo wenyewe. Maelezo hayapaswi kubebeshwa kazi ya kufuli.

Maelezo yote nimeyaandika kwa Kiswahili, ingawa modeli ingeelewa Kiingereza, kwa sababu nilitaka watu wa nyumbani wayasome na kuyasahihisha. Juzi mama aliyapitia akiwa na miwani yake, akasimama kwenye mfano wa "usiku wa Jumatano". Kwake huo ni usiku unaoamkia Jumatano. Kwangu ni ule unaofuata mchana wa Jumatano. Mjomba anakuja kwa treni kutoka Tabora, na tofauti hiyo ingemwacha stesheni peke yake usiku kucha. Nimeongeza mstari: wakala asikubali "usiku wa" siku yoyote kabla ya kuuliza kama ni usiku wa kuamkia siku hiyo. Mama ameupitisha, ila anadai neno "kuamkia" liandikwe kwa herufi kubwa.